Samoni Niliyemrudisha Mtoni

Bi Gulshan alipofariki mwezi uliopita nilikwenda Harrow, London, kuhani, ingawa nilikuwa nimejiapiza kwamba mlango ule sitaupita tena. Nilivua viatu, nikakaa karibu na radieta pamoja na wanawake wa mtaa, nikapewa chai ya maziwa yenye iliki. Mumewe, Mzee Firoz, alikuwa kwenye kiti cha dirishani, amekonda, sweta limemlegea mabegani. Aliponiona alininyooshea kidole mbele ya wageni, na badala ya kumzungumza marehemu akaanza kunizungumza mimi. "Hii msichana iko mvuvi," alisema. "Mimi ndiyo nilifundisha. Alishika samoni kubwa, jike, tumbo imejaa mayai, na akarudisha kwa maji kama mtu anarudisha mtoto kwa kitanda." Wageni waliguna kwa kupendezwa. Mama mmoja alinigusa goti akasema, "Mashallah, una moyo, mwanangu." Mimi nilitazama utando wa maziwa uliokuwa ukikunjana juu ya chai yangu, nikanyamaza. Sikunyamaza kwa ajili ya msiba tu. Nilinyamaza kwa sababu alisimulia vizuri mno, taratibu, bila hata chembe ya wasiwasi usoni, mpaka kwa kitambo nikajiuliza kama pengine ni mimi ninayekumbuka vibaya. Mimi ni mtu wa kujishuku. Nikifunga mlango hurudi kuusukuma, na nikishausukuma hujiuliza kama sikuufungua kwa kuusukuma. Mtu wa namna hiyo ni rahisi sana kumdanganya, maana nusu ya kazi ameshajifanyia mwenyewe. Kwa hiyo naandika mwaka ule kama ulivyokuwa, kabla sijaanza kuamini masimulizi ya watu wengine.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nafanya kazi Hayes, kwenye ghala linalopanga vyakula vya ndege za Heathrow. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kila trei imekaa sawa: kijiko upande huu, siagi pale, mkate usiegemee saladi. Wenzangu waliichukia. Mimi niliipenda kwa namna ambayo mpaka leo hunitia haya, kwa sababu ilikuwa kazi pekee niliyowahi kuifanya na nikajua, bila kuuliza mtu, kwamba nimeipatia. Nilikuwa nimepanga chumba cha juu katika nyumba ya Bi Asya, mwanamke wa Kipemba mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya pili ya barabara, na ndege zilipopita juu yetu vikombe viligongana kabatini. Nikitoka shifti nilikula nilichowekewa, nikapanda juu, nikaketi mezani kufunga vyambo vya samoni.

Lazima nieleze, maana hata kwetu Pemba, watu wa samaki, nilikuwa sijakiona kitu kama hicho. Samoni huzaliwa mtoni, hushuka baharini kukua, kisha hurudi kuupanda mto uleule kuzaa, na akishaingia mtoni hali tena chochote. Ukitaka kumnasa lazima umchokoze. Ndoana huvishwa manyoya, nyuzi za hariri na uzi wa fedha mpaka ifanane na kitu kinachostahili kuumwa, na Waingereza huiita inzi japo haifanani na inzi yeyote niliyemfukuza mimi. Nilijifunza kwenye video, peke yangu, nikisimamisha picha na kuirudisha nyuma. Nilinunua nyuzi kwenye soko la Walthamstow, kwa muuza vitambaa aliyedhani nadarizi kofia, nikanunua na jiliwa dogo la kushikia ndoana. Nilifunga, nikaangalia, nikakata kwa wembe, nikafunga upya. Ilikuwa hivyo kila siku. Samaki mwenyewe hakunishughulisha. Nilitaka kitu kimoja duniani, kidogo cha kutosha, ambacho ningeweza kukifanya bila kasoro.

Mzee Firoz nilikutana naye katika duka la vifaa vya uvuvi nilikopeleka vyambo vyangu nione kama vitauzika. Mwenye duka alikuwa akivigeuzageuza chini ya taa bila kusema neno, na mimi, kwa woga, nikajisemea kwa Kiswahili, "Yarabi, aibu gani hii niliyojitakia." Mzee wa Kihindi aliyekuwa kando akichagua mishipi akageuka. "Aibu ya nini?" akasema. "Hii iko mzuri sana. Nani alifundisha wewe?" Nikamwambia hakuna. Akacheka mpaka miwani ikamshuka puani. Alizaliwa Nyeri, akaniambia, baba yake alikuwa na duka huko, na alipokuwa kijana alivua trauti kwenye mito ya baridi inayotoka mlimani. London alikuwa amefanya kazi ya kupima watu macho mpaka akastaafu. "Kwa hivyo mimi najua kuona," alisema, akiinua kimojawapo cha vyambo vyangu. "Na hii mkono naona. Iko na subira. Umeshawahi kutupa hii kwa maji?" Nikasema sijawahi. Kwake lilikuwa jambo la kuchekesha kuliko yote, kama mtu ashonaye kanzu za harusi kwa watu asiowaamini kuwa wapo.

Alinichukua mtoni majira ya kuchipua yalipoanza. Ulikuwa mto wa kusini, unaomwagika kwenye pwani ya Uingereza, maji yake yanaonyesha mpaka chini, na chama chake kilikuwa na kipande cha ukingo na kibanda cha mbao. Mzee Firoz alikuwa mwanachama wa siku nyingi; mimi niliingia kama mgeni wake, na bila yeye nisingeruhusiwa hata kuegemea lango. Alinifundisha kutembea majini kwa kuburuta mguu, kurusha mshipi bila kuupiga chini kama mjeledi, na juu ya yote alinifundisha sheria. Kila samoni anayenaswa hurudishwa. Hatolewi majini kabisa. Unamwelekeza kichwa kunako mkondo, unamshikilia kwa upole mpaka apate nguvu, unafungua mkono. "Wamebaki kidogo," aliniambia. "Yeye ametoka bahari ya mbali, amepita nyavu, amepita uchafu, amefika. Wewe nani umzuie mlangoni?" Nilipofika nyumbani niliyaandika maneno hayo nyuma ya bahasha, nikaibandika juu ya meza yangu.

Bi Asya hakuyakubali. "Hebu nieleze tena," alisema, akikuna nazi, "maana mimi mzito. Mnakwenda mpaka huko, mnamtia ndoana ya mdomo, mnamvuta mpaka anachoka, kisha mnamwachia?"

"Ndiyo, Bi Asya."

"Na hamumli?"

"Hatumli. Wamekuwa wachache."

"Basi si mumwache tangu mwanzo! Weye, mtoto wa Kipemba, baba zako wakisikia watasema umelishwa nini. Samaki havuliwi kwa mchezo. Ama umle, ama umwache na roho yake."

Nilikasirika. Nilimwambia haelewi. Nilimwambia kuna watu wanaofikiri zaidi ya sahani. Hayo yalikuwa maneno ya Mzee Firoz, niliyabeba mdomoni kama meno ya kuazima. Lakini usiku ule nilichukua koleo nikabana kijino kidogo cha nyuma ya kila ndoana, kile kinachomzuia samaki asijinasue, mpaka kikalala. Nilijua kuwa nitapoteza samaki kwa kufanya hivyo. Niliona afadhali nimpoteze kuliko kumchana.

Kiangazi kile kilikuwa kikavu. Mvua ilikataa, mto ukapungua mpaka mawe yakatoa migongo, na maji yakapata joto. Samoni hawezi joto. Ukimchosha katika maji ya moto anaweza kufa hata ukimrudisha. Kwa hiyo katibu wa chama, Bwana Derek, Mwingereza mrefu aliyewahi kuwa mwalimu, alikuwa akitumbukiza kipimajoto kila asubuhi, na kikipita mstari aliouweka hufunga uvuvi kwa siku hiyo. Tulisafiri kutoka London mara nyingi ili kuambiwa tusivue. Nilizipenda siku hizo kuliko nilivyokiri. Tuliketi kibandani na wazee wenzake, wanatoa mikate yao kwenye karatasi, chai kwenye chupa, harufu ya mpira wa suruali ndefu za mtoni ikitufunika, na wanazungumza. Zamani, walisema, ungesimama darajani ukaona migongo imepangana kama mbao. Zamani mtu alichagua. Sasa kulikuwa na mashine mtoni ya kuhesabu samaki wanaopanda, na kila Bwana Derek alipotoa habari zake kibanda kizima kilinyamaza kama watu wanaosomewa majibu ya hospitali. Kisha lawama huanza. Mmoja aliwalaumu wafugaji wa samoni baharini na chawa wa samaki wanaotoka kwenye vizimba vyao. Mwingine maji machafu, mwingine miji inayonyonya mto, mwingine bahari yenyewe iliyobadilika. Kila mtu alikuwa na mshitakiwa wake. Walinitazama kwa udadisi mwanzoni, msichana mwenye hijabu na kisanduku cha vyambo, lakini walipoviona vyambo vyenyewe walivishika kama shanga, na Bwana Derek akasema kwamba mikono kama ile ndiyo chama kinayoihitaji. Niliishi kwa sentensi hiyo wiki kadhaa. Nilikuwa naisema moyoni nikipanga trei.

Mzee Firoz hakunasa kitu mwaka ule. Hakuna aliyenasa, au karibu hakuna. Mwanzoni alitania, akasema samaki wamesikia yeye amestaafu nao wamestaafu. Kadiri msimu ulivyokwisha utani ulipungua. Aliacha kunisubiri nivae. Aliingia majini kwanza, akasimama mahali pazuri, akanipa mkia wa dimbwi, kule chini kwenye maji haba. Niliona. Nilijiambia ni haki yake, yeye ndiye mwenyeji, na mimi ni nani wa kupima mahali anaposimama mtu mwema.

Mvua ilikuja mwisho wa Septemba, siku chache kabla ya msimu kufungwa. Mto ulipanda, ukawa rangi ya chai, na Mzee Firoz akanipigia simu kabla jua halijapanda: "Zuwena, vaa haraka. Leo watapanda." Nilirusha chambo chekundu na cheusi, nilichokuwa nimekifunga na kukikata na kukifunga tena mpaka Bi Asya akauliza kama ninakitengeneza au ninakiadhibu. Mshipi ulivuka dimbwi, ukasimama. Nikadhani umekwama kwenye jiwe. Kisha jiwe likaanza kutembea.

Sitajaribu kuyaeleza yote yaliyofuata, maana nilikuwa nalia. Nakumbuka Mzee Firoz akitoka majini mbio, akipiga kelele, "Hapana vuta! Wacha akimbie! Wacha! Sasa vuta. Taratibu, msichana, taratibu." Nakumbuka ufito ukitetemeka mpaka kwenye meno yangu. Samaki alipochoka akaja ubavuni kwangu, mrefu kama mkono wangu mzima, rangi ya shaba, tumbo limejaa. Ndoana ilikuwa pembeni ya mdomo na ilitoka kwa kuigusa tu. Nilimshika kama nilivyofundishwa, mkono mmoja kwenye kifundo cha mkia, mwingine chini ya tumbo, kichwa kwenye mkondo. Matamvua yake yalikuwa yakifunguka na kufunga. Nilihisi uzito wa mayai yakielea ndani yake kama maji ndani ya mfuko. Sikuwahi kabla ya hapo, wala sijawahi baada ya hapo, kushika kitu na kuwa na hakika kiasi kile kwamba nimekishika sawasawa.

"Simu yangu iko kwa gari," Mzee Firoz alisema, akipiga magoti kando yangu. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kimbia leta. Picha moja tu, ndani ya maji, hii hatuoni tena. Nipe mimi nishike." Nikampa. Nilipanda ukingo na zile suruali za mpira zinazofika kifuani, nikakimbia kama bata, nikaanguka, nikainuka. Niliporudi alikuwa bado amepiga magoti, mikono mitupu ndani ya maji. "Amekwenda," akasema. "Yeye hapana ngoja picha. Amepiga mkia, pwaa, mpaka nimelowa." Nilikaa kwenye matope nikacheka na kulia. Manyunyu yalikuwa yanaanguka, na yeye alikuwa na shati tu. Koti lake lilikuwa limekunjwa nyasini juu ya mfuko wake mkubwa. Nilitaka kumbebea. Akanizuia kwa kiganja. "Wacha. Leo wewe iko malkia. Malkia hapana beba mzigo." Njia nzima ya kurudi London nilikuwa nikimshukuru.

Baadaye kidogo nilialikwa Harrow kula chakula cha kufunga msimu. Tulikuwa watatu tu. Chumba cha kulia kilikuwa na kitambaa cha plastiki chenye maua juu ya meza, kabati la vioo lenye vikombe visivyotumika, na picha ya kijana mwembamba amesimama na trauti katika mto wa Nyeri. Bi Gulshan nilimpenda tangu aliponifungulia mlango, maana yeye alizaliwa Mji Mkongwe, na Kiswahili chake kilinikalisha chini kama mkono begani. "Karibu mwanangu, karibu ndani, usisimame kama mgeni. Firoz, mchukulie koti." Kulikuwa na wali wa nazi, kachumbari, na samaki wa kupaka aliyefunikwa mchuzi mzito mpaka huoni nyama yake. Nilimuuliza Mzee Firoz kama ni wa sokoni. "Ya duka," alisema. "Ya kufugwa. Sisi maskini tutapata wapi nyingine?" Tukacheka, nikala, nikasema tamu. Kisha simu ikalia ukumbini, akaenda kuipokea, na Bi Gulshan akainuka akarudi kutoka jikoni na kisahani alichokifunika kwa kingine.

"Haya ni yako peke yako," alisema.

Yalikuwa mayai ya samaki, yamekaangwa kwa bizari na pilipili, yamekamuliwa ndimu. Kwetu mgeni akiwekewa mayai amewekewa heshima. Mama huyaficha watoto wasiyaone. Nilifurahi mpaka macho yakaniuma. Nikamega, nikatia mdomoni. Mayai ya nguru husagika kama unga. Haya yalikuwa makubwa kama punje za mbaazi, na yalipasuka moja moja, na nilikuwa nimeshameza mara ya pili nilipokumbuka kwamba samoni wa dukani huuzwa tumbo tupu.

"Bi Gulshan," nikasema, "haya mmeyapata wapi?"

"Si ya samaki wako?" Alikuwa akinitazama kwa furaha, mikono kifuani. "Firoz kasema yule mkubwa ulimvua weye. Akaniambia nisikuwekee mayai, ati weye huyapendi. Nikamwambia, hebu nenda zako, Mpemba gani asiyependa mayai ya samaki? Na mayai ni haki ya aliyevua. Nikayaweka kwenye friza mpaka uje."

Mzee Firoz alikuwa amesimama mlangoni, simu mkononi. Nilimtazama, naye akatazama kisahani.

Alinipeleka bustanini, kwenye baridi, na huko akanieleza. Aliniwekea mkono begani, na sauti yake ilikuwa ileile ya mtoni. Yule samaki, alisema, alianza kuvuja damu mara tu nilipoondoka. Matamvua yalikuwa yamechanika. Vidole vyangu, kwa furaha, viliteleza vikaingia mahali visipopaswa. Jambo la kawaida kwa mwanafunzi. Asingeishi hata akiachwa. "Mimi naweza kukuambia pale pale? Ulikuwa unalia kwa furaha. Sikutaka kuvunja wewe. Nikasema afadhali aliwe kuliko aoze."

Leo naweza kuona jinsi alivyochagua. Angeweza kusema ndoana ilizama vibaya, au fisimaji alimjeruhi kabla. Miezi yote ile alikuwa amekaa kando yangu akinitazama nikikata kazi nzuri kwa wembe. Alijua ni wapi ninapoingilika. Nilimwamini papo hapo. Ilikuwa kama kusikia habari niliyokuwa nikiisubiri maisha yangu yote. Nilimwomba radhi. Na alipoona namwomba radhi, akanisamehe.

Majira ya baridi sikufunga chambo hata kimoja. Nilijaza bafu maji, nikashika chupa ya shampuu kama nilivyomshika yule samaki, nikatazama vidole vyangu viko wapi, tena na tena, mpaka Bi Asya akagonga mlango kuuliza kama nimezama. Nikamweleza yote. Nilitarajia kicheko. Alikaa kwenye ngazi na upawa mkononi, akasema, "Mtu akikosea kumshika samaki, samaki humteleza akaenda zake. Sijapata kusikia samaki aliyekufa kwa kushikwa na mtoto mwoga kama weye." Sikumsikiliza. Alikuwa ananipenda, na ushahidi wa anayenipenda sikuuhesabu. Wanachama walipokwenda mtoni kulegeza changarawe ili samoni wapate mahali pa kutagia, nilikwenda kila mara. Nilisimama kwenye maji yanayokata magoti, nikapiga reki, nikidhani nalipa. Mzee Firoz aliniletea chai ukingoni. "Usijichoshe," alikuwa akisema. "Mimi nimesahau, wewe pia sahau."

Mwezi wa pili Bi Gulshan alinipigia simu kunijulia hali. Alizungumza juu ya magoti yake, bei ya bamia, mjukuu anayejibu Kiingereza akisemeshwa Kiswahili, halafu akasema, "Na umwambie mwalimu wako mwaka huu asiniletee jitu kama lile, friza langu dogo. Kila mwaka akifunga msimu lazima alete mmoja, tangu watoto wangu wadogo. Mwaka jana nikadhani tutakosa, maana alikuwa harudi na kitu, kanuna nyumba nzima. Ndo akaja na huyo wako."

Nikamwuliza, taratibu sana, kama samaki alipofika alikuwa amechanika matamvua.

"Nani? Achanike wapi? Mimi ndiye niliyemsafisha, mwanangu. Matamvua mekundu kama ua, hana hata mkwaruzo. Ila hapa tu utosini alipompiga, kama anavyowapiga wote." Akasita. "Kwani vipi? Mbona umenyamaza?"

Nikamwambia simu inakatika.

Sikumpigia mumewe. Nilingoja siku ya kufunguliwa msimu, nikapanda gari lake kama kawaida, nikamwacha aendeshe mpaka tulipoziacha nyumba za mwisho za jiji, ndipo nikamwambia alichosema mkewe. Alipunguza mwendo, akapisha lori. Wiper zilikuwa zikifuta mvua nyepesi. Nilikuwa nimejiandaa kwa maelezo mengine, na nakiri kwamba sehemu yangu ilikuwa ikiyaomba. Kama angenipa uongo mzuri wa pili huenda ningeuchukua.

"Samaki moja," alisema mwishowe. "Moja kwa mwaka. Mimi nimetembea hii mto kabla wewe kuzaliwa. Mchafu sikutia mimi. Maji sikunyonya mimi. Samaki moja ya mzee ndiyo inamaliza samoni?"

"Mzee Firoz, sikuulizi samaki. Ulinambia ni mikono yangu."

"Ah, mikono, mikono." Alipiga usukani kwa kiganja. "Nilisema kitu tu, upate kunyamaza. Wewe ndiyo uliibeba mpaka huko." Kisha, bila kugeuka, akasema kwa upole kabisa: "Na pia wewe ulikula, Zuwena. Ulisema tamu."

Tulipofika alitoa vifaa vyake bootini, akatangulia kibandani, akawasalimu wenzake, akacheka nao. Nilibaki nje nikitazama kipande kile cha mto. Nilijua kitakachotokea nikifungua mdomo. Niliingia pale kwa mkono wake, na jina lake likianguka nami nitatoka. Lakini kulikuwa na watu mle ndani waliokuwa wakiuomboleza mto ule kila wiki, na nilikuwa nimesimama nao kwenye baridi kulegeza changarawe. Niliona wao angalau ni haki yao kujua, na nilitaka mtu mmoja aseme kwa sauti kwamba mikono yangu haikufanya lile.

Nikaingia nikawaambia. Nilisema kwa Kiingereza changu cha kazini, kifupi, bila kumtukana: jike niliyemnasa Septemba, yaliyosemwa, mayai kwenye friza, na kwamba haikuwa mara ya kwanza. Mzee Firoz alikuwa akimimina chai kutoka kwenye chupa yake, akaendelea kumimina. Hakuna aliyemtazama. Mmoja wa wazee alianza kukaza kamba za viatu vyake ambazo zilikuwa zimekazwa. Mwingine aliangalia dirishani, shingo imemwiva, na hapo nikaelewa kuwa friza la Harrow halikuwa peke yake. Bwana Derek alivua miwani, akaisafisha kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Nilifikiri anatafuta maneno. Na alikuwa anayatafuta kweli, kwa aibu kidogo, kama mtu anayeuliza asichopaswa.

"Huyo jike," alisema, "alikuwa na uzito gani?"

Wote wakainua vichwa. Hata yule wa viatu.

Nikawaambia sijui, sikumtoa majini.

Kisha nikatoka, nikakitafuta kituo cha treni kwa miguu.